Upande wa Mama Mukubwa

Kwanza niseme wazi: mimi ni mutu wa hasira za karibu. Mama husema nilizaliwa nikiwa nimeshakasirika, na sijawahi kumubishia, kwa sababu kila nikianza kumubishia ninapandisha sauti na yeye anacheka. Katika haya ninayoeleza hasira zangu zimo, usishangae. Lakini nikikaa peke yangu siku hizi, na hakuna ndege inayopita juu ya Goma, si hasira ninazokumbuka. Ninakumbuka radiokaseti.

Ilikuwa nyekundu, mukono wake wa kubebea ulivunjika ukafungwa kwa waya, na ilikaa juu ya kabati katika nyumba yetu ya zamani kule mutaa wa Mapendo, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Baba alikuwa dereva wa lori. Ndiye aliyemutoa mama Kindu akamuleta huku kwenye baridi na vumbi jeusi. Kindu alibaki dada yake, yule ambaye sisi watoto tunamuita mama mukubwa. Mama na dada yake hawakusoma sana. Kama ni barua, ilikuwa lazima mutu akuandikie huku na mwingine akusomee kule, na mama alisema maneno yake na dada yake hayawezi kupita kwanza katika midomo ya watu. Basi walitumiana kaseti.

Kaseti ina pande mbili, na hapo ndipo kulikuwa na sheria. Upande wa kwanza ulikuwa wa mama, upande wa pili wa mama mukubwa. Mama anazungumza upande wake mpaka utepe unaisha, anaifunga kaseti ndani ya kipande cha kikwembe, yaani kitenge, anamupa mufanyabiashara wa mawese anayerudi Kindu na ndege. Kule mama mukubwa anasikiliza, anageuza, anajibu upande wake, anairudisha. Ikifika, mama anasikiliza jibu, halafu anazungumza tena juu ya maneno yake ya zamani. Kila mutu alifuta upande wake mwenyewe. Upande wa mwenzako huugusi kabisa. Na hata wako huufuti mpaka umejua kwamba maneno yamefika, ndiyo sababu kila kaseti ilianza na salamu zilezile: kwa jina la Mungu, hatujambo, maneno yako yamefika.

Siku ya kuzungumza mama alitufukuza nje, na mimi nilikaa chini ya dirisha. Nilimusikia akimueleza dada yake bei ya samaki wadogo wa sambaza, homa ya kaka yangu, na hasira zangu, ambazo zilichukua nafasi kubwa. Kila kitu cha mutaa kiliingia humo bila kuombwa: chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, likigonga mawe, jirani akitwanga majani ya muhogo ya sombe, adhana, mvua ikianza kwenye mabati. Baba akipita na lori yake pembeni ya barabara alipiga honi ndefu, na mama anasema ndani ya kaseti, bila kugeuka, huyo shemeji yako anakusalimu. Nilidhani kila familia inaishi hivyo. Nilishangaa sana shuleni kuona kuna watoto ambao mama zao hawazungumzi na kabati.

Kuna majibu ambayo mama hakukubali yafutwe. Kaseti kama hiyo haikurudi tena Kindu. Alivunja vile vijino vya nyuma vinavyoruhusu kurekodi, akanunua kaseti nyingine mupya kwenye maduka ya Birere, na ile ya zamani ikaingia ndani ya sufuria yenye kifuniko, chini ya kitanda. Mulima ulipopasuka na moto ukashuka mutaani, watu walikimbia na magodoro, na televisheni, jirani yetu mumoja na mulango wa nyumba yake. Mama alikimbia na sufuria kichwani. Tulipofika Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, baba alifurahi, alidhani ni maharagwe. Alipofunua akakuta kaseti, hakusema kitu mpaka tulipokula, na tulikula kesho yake. Nyumba ya Mapendo ilibaki chini ya mawe, radiokaseti tu ndiyo baba aliiweka kwenye lori mapema, na sisi tukahamia mutaa wa Majengo.

Kaseti moja ya ile sufuria ilikuwa yangu mimi.

Kwetu sisi tuliotoka Maniema, jimbo la Kindu, musichana akiolewa, alasiri ya kutiwa hina wanawake wanafunga mulango na mama mukubwa wa ukoo anamufunda. Anasema mbele ya wote, na bibi harusi anasikiliza kichwa chini. Kwetu haki hiyo ni ya mama mukubwa. Lakini mwaka nilioolewa barabara zilikuwa zimefungwa na ndege zilikuwa za shida, hakuweza kuja. Akaleta maneno yake kwenye upande wake wa kaseti.

Tuliisikiliza tukiwa tumejazana chumbani, mikono yangu imepakwa hina. Alizungumza juu ya wakwe, juu ya usafi, juu ya kutomusema mume mbele ya watoto. Katikati kuku akaingia nyumbani kwake kule Kindu, tukamusikia akimufukuza, toka mushenzi wewe, na palepale bila kupumua, na mama mukwe wako umuheshimu. Wanawake walicheka mpaka bakuli la hina likamwagika. Mwishoni sauti yake ikashuka, ikawa ya karibu kabisa, akasema: "Na siku atakapokukasirisha, mutoto wangu, wewe kula kwanza. Ukishashiba, ndipo ukasirike." Chumba kizima kiliniangalia. Nimeyashika maneno hayo miaka yote, na mwenye kuniona anajua, kwa maana nimenenepa.

Halafu, watoto wangu wakiwa wameshakua, mama mukubwa alipoteza sauti. Alikuwa na uvimbe kooni, wakamupasua, uvimbe ukatoka na sauti ikatoka pamoja nao. Ilibaki pumzi tu, unaisikia ukiweka sikio kwenye mudomo wake, lakini simu haiisikii hata kidogo. Mama alilia siku ile kama mutu aliyefiwa. Baadaye wakapata namna yao. Mama anapiga simu, anazungumza peke yake, na mama mukubwa anagonga simu kwa pete yake. Kugonga maana yake ninasikia, endelea. Maana nyingine haikuwepo, na mama alisema hiyo inatosha.

Sasa mama mukubwa alikuwa na mujukuu musichana aliyemulea tangu mama yake alipofariki. Musichana huyo akachumbiwa na kijana wa hapa Goma, na ikakubaliwa harusi ifanyike kwetu Majengo. Akatupigia simu, sauti ndogo, akasema tate hana raha. Tate ndivyo tunavyomuita bibi. Akasema kila siku tate anaonyesha koo lake, halafu anaonyesha viganja vya mikono, mahali pa hina. Mujukuu alielewa. Mama mukubwa amefunda wasichana wa watu maisha yake yote, na sasa huyu wake mwenyewe ataolewa bila kumusikia. Akauliza kama ile kaseti ya harusi yangu bado iko.

Mama akamujibu kwamba iko, na kwamba siku ile atafundwa na tate yake na si mutu mwingine, hata kama ni yeye mama atabeba radio kichwani kama alivyobeba sufuria. Baada ya kuitoa ile ahadi hakuna mutu angeweza kuirudisha.

Hapo ndipo aliingia kaka yangu. Ni mukubwa wangu, kazi yake ni kutengeneza mashini za watu, namaanisha hizi kompyuta za kubeba. Ni mupole sana, na ule upole wake ndio unaonipandisha presha. Watu wote wanabonyeza picha kwenye mashini na mambo yanakwenda. Yeye hapana. Anafungua dirisha jeusi lisilo na picha, anaandika amri kwa maneno mafupi, mashini inatii. Akasema zile kaseti zimezeeka, utepe utakatika siku yoyote, afazali tuziingize zote kwenye mashini. Akaja Jumapili baada ya Jumapili, akaunga radiokaseti na waya, na kila upande ukawa faili moja. Mama alikaa pembeni na kikombe cha chai, akizisikiliza tena zikipita.

Ya mwisho ilipoisha, mama akamuuliza: "Maneno yamefika?"

"Yamefika yote, mama."

Masikini kaka yangu. Alisikia salamu ile tangu tumboni na hakujua anajibu nini. Kwa mama ilikuwa ruhusa ya kufuta. Aliziba matundu ya vijino kwa plasta ya vidonda, kwa sababu kaseti tupu hapa Goma hupati tena, akaweka radiokaseti mezani, na akaanza kuzungumza upande wake, kaseti moja baada ya nyingine, juu ya maneno yake ya zamani. Nilimukuta hivyo alasiri moja, miguu ameinua kwenye kigoda, anamueleza dada yake kuhusu ukumbi na wapishi. Nilifurahi kumuona vile. Alikuwa amerudi Mapendo. Kila kaseti alimuambia mama mukubwa asiwe na wasiwasi, maneno yake yamefika yote kwenye mashini ya mutoto. Akazifunga zote kwenye kikwembe, muzee mumoja wa biashara ya mawese akazipeleka Kindu.

Jumapili moja, harusi ikiwa inakaribia, kaka alikuja akasema anataka kupanga zile faili vizuri, zimeenea ovyo. Ninauliza mpaka leo, nani alimutuma kupanga? Alifungua dirisha lake jeusi. Aliandika amri ya kuhamisha faili zote za kaseti, moja baada ya nyingine, ziingie katika dosie ya mama mukubwa, yaani lile kasha la ndani ya mashini unamoweka faili pamoja. Ila dosie ile hakuwa ameitengeneza. Alidhani ameitengeneza. Mashini haikuona dosie yenye jina hilo, basi ikachukua kwamba hilo ni jina jipya la faili. Ya kwanza ikahama ikaitwa vile. Ya pili ikahama ikaitwa vilevile, ikaikalia ya kwanza. Ya tatu ikaikalia ya pili. Zikaenda hivyo mpaka mwisho, na mashini haikuuliza kitu, maana mwenye kuandika amri anahesabiwa kuwa anajua anachotaka.

Nilijua kuna jambo kwa sababu kaka aliomba maji. Hajawahi kuomba maji kwetu, hunywa chai tu. Nikamuuliza kuna nini, akanieleza polepole, na kila alivyozidi kueleza polepole mimi nilizidi kuwaka. Ilibaki faili moja. Tukaifungua. Ilikuwa ile ya mbuzi: upande muzima mama mukubwa anaeleza namna mbuzi wa jirani alivyokula shuka yake, na namna jirani alivyokataa kuomba musamaha.

Nilimusema siku ile. Nilimuambia kwamba angekuwa anabonyeza picha kama watu wengine tusingefika hapo, na mengine ambayo siyarudii. Yeye alizima mashini palepale kwa kuikata umeme, akaitoa batri, akaniomba asiiguse mutu yeyote, hata kwa kuipangusa vumbi. Mama alitoka jikoni na mikono ya unga, akasema tuache kelele. Kaseti zenyewe si ziko? Upande wa mama mukubwa yeye hakuugusa. Ziko njiani zinarudi. Nikapoa kidogo, hata nikamuwekea kaka chakula.

Kesho yake muzee wa mawese alileta muzigo. Mama akaitafuta kaseti ya harusi yangu, aliyoitia alama kwa rangi ya kucha, akaiweka upande wa pili, akabonyeza. Tukangoja ile sauti. Ikaja milio ya muchi wa kutwangia. Kuku. Kiti kinavutwa. Mutoto anapita akiimba kwa mbali. Halafu mvua, inaanza kidogo kisha inakuwa kubwa, na ndani ya hayo yote pumzi ya mutu aliyekaa karibu sana na radio.

Alikuwa amejibu. Aliambiwa maneno yake yamefika, basi alifanya kama alivyofanya maisha yake yote, akaufuta upande wake akamujibu mudogo wake. Sauti hakuwa nayo tena, akamupa alichokuwa nacho, sauti za ua wake na za mvua yake. Tulijaribu kaseti nyingine, na nyingine. Zote alizijibu. Nilitaka kukasirika na sikupata mutu wa kukasirikia, na kwa mimi hiyo ni taabu kubwa.

Mama aliusikiliza ule upande mpaka mwisho, mukono juu ya goti, hakuna aliyethubutu kuuzima. Kisha akapangusa macho, akaniambia nimuite kaka yangu afanye hiyo kazi aliyosomea.

Kaka alikuja, akakaa chini mbele ya mama kama alivyokaa akiwa mutoto mwenye kosa, akamueleza. Sauti zile hazijatoka ndani ya mashini. Kilichopotea ni majina yake. Zenyewe zimelala palepale zilipokuwa, na zitalala hivyo mpaka kitu kingine kije kukaa mahali pao. Mimi nilikuwa ninatafuta neno la kumuuliza, lakini mama alikwisha kuelewa.

"Basi mutu asizungumze juu yake," akasema.

Ndiyo maana alizima mashini vile, na mimi nilimutukana. Akaitoa diski, akaiunga kwenye mashini nyingine, akaanzisha programu ya kuisoma diski yote tangu mwanzo mpaka mwisho, ikitafuta chochote kinachofanana na sauti. Ilikuwa kazi ya siku na siku, kwa sababu umeme ulikuja asubuhi ukaondoka, ukarudi ukaondoka. Mume wangu akaleta batri la gari lake, akawa anakwenda kazini na moto, hizi pikipiki za kukodi. Hakunung'unika, Mungu amubariki.

Kilichotoka ni vipande vingi visivyo na majina, namba tu. Kengele za simu, muziki wa kaka, nusu ya mawaidha ya mutu tusiyemujua, na katikati ya takataka hizo sauti zetu. Ilibidi tusikilize kimoja kimoja. Tulikaa sebuleni Majengo, mama, kaka na mimi, tukichambua maharagwe ya harusi, na kaka anafungua kipande baada ya kipande. Ninaona zile ndizo alasiri nzuri kuliko zote za ukubwa wangu. Tulikuwa na hofu, harusi ilikuwa mbele yetu, na wakati huohuo nyumba ya Mapendo ilikuwa imefunguliwa. Niliisikia sauti yangu nikiwa mutoto, chini ya dirisha, nikidai sukari. Nilimusikia yule jirani aliyekimbia na mulango, ambaye hatujui alikwenda wapi. Mama alikuwa anasema, huu ni mwaka kaka yako alivunjika mukono, hii ni ile kaseti iliyolowa, na kila kipande kaka alikiandikia jina jipya.

Kipande kimoja kilikuwa kifupi sana. Mama akiwa bado kijana anasema kitu juu ya viazi, halafu honi ndefu ya lori inapita. Baba tumemuzika zamani. Mama aliacha maharagwe, akaomba kaka arudishe. Kaka akarudisha. Akaomba tena. Mimi nilitoka nikaenda kulia nyuma ya jiko, nikarudi, na bado honi ilikuwa inapigwa.

Kuku ndiye aliyetuambia kwamba tumeipata. Toka mushenzi wewe, na mama mukwe wako umuheshimu. Tuliruka, mama alimwaga maharagwe. Tukairudisha mwanzo, ilikuwa nzima: wakwe, usafi, watoto. Tukafika pale sauti inaposhuka. "Na siku atakapokukasirisha, mutoto wangu, wewe," na ikakatika.

Kaka alitafuta mwisho wake mpaka macho yakawa mekundu. Haukuwepo. Kipande kile kidogo kilikwisha kukaliwa na kitu kingine, pengine picha ya ovyo, hatutajua. Aliniangalia akingoja nimuseme. Alikuwa amekonda. Nikamuambia si neno, mwisho ninaujua mimi, niliambiwa mimi, nitausema kwa mudomo wangu.

Mama mukubwa, mudogo kuliko nilivyomukumbuka, kitambaa kimefungwa shingoni, alishuka ndege na mujukuu wake. Alimushika kaka masikio yote mawili, kama zamani. Mama alimueleza kila kitu jikoni, na kaseti, na dosie, na ule mwisho uliopotea, na mimi nilisikia kwa nje pete ikigonga meza, endelea, endelea.

Alasiri ya hina tulifunga mulango. Kaka alibaki nje ukutani, maana wanaume hawaingii, lakini alinionyesha pa kubonyeza na akanikataza kubonyeza pengine popote. Bibi harusi alikaa kwenye mukeka, mikono imepakwa. Mama mukubwa alikaa karibu naye, bega kwa bega. Nikabonyeza, na sauti ikatoka kwenye bafle, ile spika kubwa, ikajaza chumba, ile sauti nene ya Kindu, ya mwanamuke mwenye nguvu zake. Musichana alishtuka. Hakuwa ameisikia tangu wamupasue tate yake. Mama mukubwa alifumba macho, na midomo yake ikaanza kufuata maneno, neno kwa neno, bila kukosea. Kuku alipofika alitabasamu kabla yetu. Wanawake walicheka na kulia pamoja.

Kisha ikafika pale. Na siku atakapokukasirisha, mutoto wangu, wewe. Kimya.

Nilikwisha kufungua mudomo. Mama mukubwa, macho bado amefumba, aliinua kiganja kunielekea, kama polisi anayesimamisha gari. Nikafunga mudomo. Akainama, akaweka midomo kwenye sikio la mujukuu wake, kitambaa cha kichwa kikawafunika wote wawili. Tulisikia pumzi tu. Ilichukua muda murefu kuliko neno langu la kula kwanza. Musichana alishika mukono wake bila kukumbuka hina, na mukono wa gauni la mama mukubwa ukabaki na alama ya vidole, ambayo hakukubali tuifue.

Mimi sina subira. Kabla harusi haijaisha nilimuvuta bibi harusi pembeni nikamuuliza kama aliambiwa ale kwanza. Akacheka. Akasema hapana, hiyo ni yako wewe, kila mutu anaijua.

"Ameniambia, siku atakapokukasirisha, unipigie simu. Mimi siwezi kusema kitu, lakini nitasikiliza mpaka umalize."

Siku hizi, kwa sababu ya vita, ndege haitui tena hapa, na muzee wa mawese hana pa kupita, kaseti ziko ndani ya sufuria yao. Kaka anatengeneza dosie kwanza, anaiangalia, anaiangalia tena, ndipo anaandika amri. Bibi harusi ana watoto sasa, anakaa nyuma yetu hapohapo Majengo. Mama mukubwa yuko Kindu, amezeeka, na mutandao ukikubali mama anazungumza naye.

Wiki iliyopita nilikasirika sana, sababu yenyewe niachie, ni yangu. Nilikula, kama nilivyofundwa. Nikashiba, na hasira ikabaki palepale. Nikachukua simu nikapiga Kindu, mimi mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kufanya. Nikaanza kueleza, nikaeleza, nikapandisha sauti, kisha nikasikia kimya upande wa pili nikadhani mutandao umekatika. Nikasema, mama mukubwa, uko?

Pete ikagonga simu. Nikaendelea.